Waifai kwenye Linux: anza na kadi, neno la siri baadaye

Sentensi ninayoisikia zaidi kwenye fremu yangu hapa Tabata ni hii: "Dada, Linux imekataa waifai." Anayeisema ana laptopu ya mtumba, mara nyingi HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad ya Kariakoo. Amewekewa Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni aina za Linux, na rafiki, au ameiweka mwenyewe usiku kwa flashi. Picha safi, sauti ipo, kibodi inaandika, ila mtandao hakuna. Kesho yake mtu anamshauri aifute arudishe Windows isiyo na leseni, na hapo ndipo ninapoumia. Laptopu ya mwanafunzi au ya mwenye stationari ndogo inaweza kufanya kazi miaka mingi kwa Linux bila kubeba virusi vya flashi za wateja. Kuitupilia mbali siku ya kwanza kwa ajili ya waifai ni hasara isiyo na sababu.

Ninachotaka ushike ni mpangilio. Watu wengi huanzia mwisho. Wanaandika neno la siri tena na tena, wanazima ruta na kuiwasha, wanamshuku jirani kwamba amewafungia, kumbe kompyuta haijafika hata hatua ya kusikia mawimbi. Kadi ya waifai iliyo ndani ya laptopu lazima ionekane kwanza. Kisha iruhusiwe kuwaka, ipate draiva, yaani programu inayoiendesha, isikie mitandao iliyo karibu. Neno la siri linakuja baada ya hapo, halafu anwani ambayo ruta huipa kompyuta, halafu majina ya tovuti. Ukijua umekwama wapi, dawa huwa fupi.

Kama una bahati, hutahitaji lolote kati ya haya. Kwenye Ubuntu alama za mtandao ziko juu kulia, kwenye Mint ziko chini kulia. Bofya, chagua jina la mtandao wako, andika neno la siri. Angalia herufi kubwa na ndogo, na kama unanakili kutoka kwenye stika iliyo chini ya ruta, tofautisha sifuri na herufi O. Ikiunganika, ruka hadi sehemu ya bando huko chini, kwa sababu hiyo inakuhusu hata wewe uliyefanikiwa.

Kwanza jipatie intaneti kwa waya wa simu

Mkwamo unaowavunja moyo wengi ni huu: ili upate draiva ya waifai unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji waifai. Simu yako ya Android inautatua. Ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya hotspoti, washa swichi ya kugawa intaneti kwa USB. Linux inaitambua karibu kila Android bila kuwekewa kitu. Utaona imetokea kama mtandao wa waya, wenye jina kama `usb0` au jina refu linaloanza na `enx`.

Kama swichi hiyo imefifia na haibonyezeki, shuku waya. Nyaya nyingi za bei ya chini zinachaji tu, hazipitishi data. Chukua waya uliokuja na simu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui, nami hulisema kila mara: simu ikiwa yenyewe imeunganishwa na waifai ya nyumbani, itaipitisha waifai hiyo hiyo kwenda kwenye laptopu kupitia waya. Bando lako la laini haliguswi. Kama hakuna waifai na inabidi utumie bando, pakua draiva peke yake. Kompyuta ikikuomba ikusasishie kila kitu, ikatalie kwa sasa, maana masasisho ya mfumo mzima yanaweza kulimaliza bando la wiki kwa mkupuo.

Iulize kompyuta iko hatua gani

Fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha andika:

```
nmcli device
```

Hii inazungumza na NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Ubuntu, Mint, Fedora na Debian nyingi zenye dawati, yaani skrini ya kubofya kwa kipanya. Majibu yake ni ya Kiingereza. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha tangu 2004, kwa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwamba programu kubwa inaweza kuongea Kiswahili. Kwenye teminali bado hatujafika huko, kwa hiyo nitakueleza kila neno linalokuhusu.

Tafuta mstari ambao safu ya aina imeandikwa `wifi`. Jina la kifaa litakuwa kama `wlp2s0`, `wlo1` au `wlan0`. Usiliogope: `wl` ni kifaa kisichotumia waya, na `p2s0` inaonyesha mahali kadi ilipochomekwa kwenye ubao. Jina la kwako linaweza kuwa jingine, na kila ninapoandika `wlp2s0` wewe weka la kwako.

Sasa soma hali yake. Ukiona `connected`, imeungana, na tatizo lako liko mbele zaidi, kwenye anwani au majina. `disconnected` ni habari njema: kadi na draiva ni nzima, bado kuchagua mtandao tu. `unavailable` maana yake kadi ipo lakini imezuiwa au imekosa kitu. `unmanaged` maana yake NetworkManager imeambiwa isiiguse. Na kama mstari wa `wifi` haupo kabisa, ama kadi haionekani, ama haina draiva.

Hiyo `unmanaged` niimalize hapa hapa. Huwapata sana waliofunga Debian kwa kutumia waifai bila dawati, kisha wakaongeza dawati baadaye. Kisakinishi kiliandika kadi yako kwenye faili la `/etc/network/interfaces`, na NetworkManager kwa heshima ikakaa pembeni. Fungua faili hilo kwa `sudo nano /etc/network/interfaces` (`sudo` huomba ruhusa ya msimamizi, `nano` ni kihariri cha maandishi), weka alama ya `#` mwanzoni mwa mistari inayotaja kadi yako ya waifai, hifadhi, kisha:

```
sudo systemctl restart NetworkManager
```

Ikisema unavailable

```
rfkill list
```

Utaona mistari miwili kwa kila kifaa. `Soft blocked: yes` ni kufuli ya programu, unaifungua kwa `sudo rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` ni kufuli ya chuma, na hakuna amri itakayoifungua. Geuza laptopu utafute swichi. Baadhi ya Dell Latitude za zamani zina swichi ya kusogeza ubavuni, ndogo, ambayo husogea yenyewe laptopu ikitiwa begi. HP nyingi zina kitufe chenye alama ya antena, chenye taa inayobadilika rangi. Nimewahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe alishaifuta na kuifunga Linux upya, na swichi ya ubavuni ilikuwa imelala upande wa kuzima muda wote.

Kufuli zote zikiwa wazi na bado ni `unavailable`, nenda kwenye fimwea. Fimwea ni programu ndogo inayomwagwa ndani ya kadi kila inapowaka. Draiva inaweza kuwepo, lakini bila fimwea kadi haiamki. Tazama kumbukumbu za mfumo:

```
sudo dmesg | grep -i firmware
```

Kwenye laptopu za ofisini, ambazo nyingi zina kadi ya Intel, mstari wa ugonjwa unafanana na huu:

```
iwlwifi 0000:02:00.0: Direct firmware load for iwlwifi-8000C-36.ucode failed with error -2
```

Ile -2 ya mwisho inasema tu kwamba faili halikupatikana. Ubuntu na Mint huja na mafaili hayo, kwa hiyo huko hutaliona mara nyingi. Debian ndiyo iliyokuwa ikiwatesa watu, kwa sababu fimwea hizi si programu huria na ziliwekwa kando. Tangu Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, kisakinishi rasmi kinakuja nazo. Kama una Debian ya kabla ya hapo, mimi ningekushauri utengeneze flashi mpya kuliko kuhangaika. Kama ni Debian 12 na kuendelea na bado imekosekana, hakikisha neno `non-free-firmware` limo kwenye orodha yako ya vyanzo vya apt, kifungaji cha programu, chomeka simu, kisha `sudo apt update` na `sudo apt install firmware-iwlwifi`. Zima, washa.

Ikiwa mstari wa wifi haupo kabisa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wananunua vitu wasivyovihitaji. Kabla hujatoa shilingi, ijue kadi yako:

```
lspci -nnk | grep -iA3 net
```

Tafuta sehemu yenye `Network controller`. Mfano wa HP moja ya bei nafuu:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]
```

Namba zilizo kwenye mabano mwishoni ndizo kitambulisho halisi. Nne za kwanza ni kampuni: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Nne za pili ni kadi yenyewe. Ukienda kuuliza msaada popote, peleka namba hizo. Jina la laptopu halitoshi, maana laptopu mbili za jina moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi tofauti ndani.

Broadcom ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwa wanafunzi. Alikuja binti wa chuo kimoja hapa mjini na HP ya namna hiyo, ameshaambiwa kadi imekufa.

"Dada fundi, nimeambiwa nikanunue ya kuchomeka USB."

"Subiri kwanza mdogo wangu. Una waya wa simu?"

Alikuwa nao. Kadi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva ya Broadcom, ambayo si huria na hivyo haiwekwi moja kwa moja. Kwenye Ubuntu na Mint:

```
sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source
```

Kwenye Debian kifurushi kinaitwa `broadcom-sta-dkms`, na utahitaji pia `linux-headers-amd64`, kwa sababu draiva inajengwa papo hapo kulingana na keneli yako, yaani kiini cha Linux. Mint ina programu yake ya kusimamia draiva kwenye menyu, nayo itakupendekezea kifurushi hicho hicho kwa kubofya. Usidanganyike ukiona `lspci` inasema `bcma-pci-bridge` inatumika. Hiyo ni draiva nyingine ambayo kwa kadi hii haikupi waifai.

Wengi wanafanya yote hayo sawasawa kisha wanakwama kwenye Secure Boot, kwa hiyo soma aya hii polepole. Secure Boot ni ulinzi wa mashine unaokataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika. Angalia kama imewashwa kwa `mokutil --sb-state`. Ikiwa imewashwa, Ubuntu itakuomba wakati wa kufunga draiva utunge neno la siri la muda. Litunge, liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya, itatokea skrini ya bluu kabla ya Linux kuingia, na itasubiri sekunde chache tu. Usipobonyeza kitu, inapita, draiva inakataliwa, nawe unadhani umekosea amri. Bonyeza kitufe chochote, chagua `Enroll MOK`, kisha `Continue`, kisha `Yes`, andika lile neno la siri, washa upya. Kwa yule binti, skrini hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki. Aliwasha simu yake hotspoti, jina likatokea kwenye orodha, akaungana akiwa amesimama pale kaunta.

Kwa Realtek, mara nyingi jibu ni keneli mpya. Kadi ya RTL8821CE, kwa mfano, ilipata draiva ndani ya keneli kuanzia 5.9. Andika `uname -r`. Linux Mint 20 ilitoka na keneli 5.4, kwa hiyo anayefunga kwa flashi ya zamani aliyoazima anaikosa, wakati Mint 21 yenye 5.15 inaiona. Usihangaike kutafuta draiva za mitaani kabla hujajaribu toleo jipya.

Na kama `lspci` haitaji kadi ya waifai hata kidogo? Ingia BIOS, menyu ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Linux, uone kama kadi imezimwa. Ikiwa imewashwa na bado haipo, fungua mfuniko wa chini, baada ya kuzima kabisa na kuchomoa betri. Kwenye mashine za mtumba si ajabu kukuta kadi imelegea, au imenyofolewa na nyaya mbili za antena zinaning'inia. Ukibadilisha kadi, tafuta ya Intel, lakini fahamu kwamba ThinkPad na HP za zamani zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, na usiyoikuta kwenye orodha hiyo itakataliwa mashine inapowaka.

Kifaa cha waifai cha USB kiwe cha mwisho. Ukinunua, uliza chipu, usiulize chapa. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza ilikuwa na Atheros AR9271, ambayo Linux inaipenda sana. Toleo la pili na la tatu, jina lile lile, zina Realtek ndani. Vile vidogo sana vinavyouzwa na sidii ya draiva ya Windows vina ujanja mwingine: vikichomekwa vinajitambulisha kama diski. Andika `lsusb`, na ukiona `0bda:1a2b`, hiyo ni Realtek iliyojificha. Iamshe hivi:

```
sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b
```

Bado itategemea keneli yako kama inaijua chipu iliyo nyuma yake. Muulize muuzaji kama atakubali ukirudishe. Wengi wa Kariakoo wanakubali ukiwaambia mapema.

Kusikia mitandao na kuungana

```
nmcli device wifi list
```

Hapa utaona majina, chaneli, nguvu ya mawimbi hadi 100 na aina ya ulinzi. Kama mitandao ya majirani ipo ila wa kwako haupo, tazama namba za chaneli. Chaneli za 1 hadi 13 ni za 2.4 GHz, za 36 kwenda juu ni za 5 GHz. Kadi kama ile BCM43142 haijui 5 GHz kabisa, kwa hiyo simu mpya ikitoa hotspoti ya 5 GHz, laptopu haitaiona hata ukiziweka zikigusana. Badili hotspoti ya simu iwe 2.4. Ulinzi nao: simu ikiwa imewekwa WPA3 peke yake, kadi za zamani zinashindwa. Rudisha WPA2.

Hata mwenye kadi ya bendi zote mbili afikirie nyumba zetu. Kuta za tofali za saruji na nguzo za zege zinakula 5 GHz haraka kuliko 2.4. Ruta ikiwa sebuleni nawe uko chumba cha uani, chagua 2.4. Kwenye maghorofa ya Kariakoo au nyumba zilizobanana za Sinza kinyume chake ndicho kinachotokea: 2.4 imejaa ruta za kila mtu, na 5 GHz ndani ya chumba kimoja na ruta itakuwa nafuu kubwa. Ukiweza kuingia kwenye ruta, weka chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache kwenye orodha uliyoiona. Hizo tatu ndizo zisizopandana.

Mara chache ruta inakuwa chaneli ya 12 au 13 na laptopu haiioni, kwa kuwa inajidhania iko nchi nyingine. `iw reg get` itakuonyesha, na `sudo iw reg set TZ` itaiambia iko Tanzania.

Sasa ungana:

```
nmcli --ask device wifi connect "Nyumbani"
```

Weka jina lako badala ya Nyumbani, na alama za nukuu usiziache kama jina lina nafasi. Natumia `--ask` ili neno la siri liulizwe pembeni, lisibaki kwenye historia ya amri ambapo mtoto au mteja atalikuta. Mtandao uliofichwa unaongezewa `hidden yes` mwishoni. Usiyependa kuandika amri, andika `nmtui` upate menyu ya mishale, ni nzuri.

Ikijibu kwamba `Secrets were required, but not provided`, mara nyingi neno la siri ndilo lenye makosa. Kama una hakika nalo, huenda mfumo umeshikilia la zamani kutoka siku mwenye nyumba alipolibadilisha. Futa kumbukumbu hiyo kwa `nmcli connection delete "Nyumbani"` kisha ungana upya.

Imeungana lakini haifungui kitu

Andika `ip -4 addr show wlp2s0`. Kama hakuna anwani, ruta haijakupa nafasi. Mifi na hotspoti za simu zina kikomo cha vifaa, kwa hiyo toa kimoja ujaribu tena. Kama anwani ipo, pima mara mbili:

```
ping -c 3 1.1.1.1
ping -c 3 wikipedia.org
```

Ya kwanza ikikataa, tatizo liko kwenye ruta au bando limeisha. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikikataa, njia ipo ila majina ya tovuti hayatafsiriwi kuwa anwani. Weka wewe mwenyewe wa kuyatafsiri:

```
nmcli connection modify "Nyumbani" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Nyumbani"
```

Zote mbili zikijibu na kivinjari bado kinalalamika kuhusu usalama kwenye kila tovuti, tazama saa. Laptopu ya mtumba iliyokaa muda mrefu betri yake ndogo ya ubao imekufa, na ikizimwa inarudi miaka nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe, kwa hiyo kompyuta inayoamini iko 2012 inavikataa vyote, na apt nayo inagoma. `timedatectl` itakuonyesha. Rekebisha:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true
```

Isipojirekebisha, ingia BIOS uweke tarehe kwa mkono, kisha badilisha betri. Nyingi ni CR2032, ingawa kwenye laptopu huwa imefungwa na waya mdogo wenye plagi.

Baada ya kufanikiwa: bando, kukatika, na umeme

Ukitumia hotspoti ya simu, iambie Linux kwamba mtandao huo una kipimo:

```
nmcli connection modify "Simu yangu" connection.metered yes
```

Ubuntu ikijua hivyo, itapunguza kupakua masasisho yenyewe kimyakimya. Hii ndiyo amri ninayomwekea kila mteja hata asipoomba, kwa sababu anayepoteza bando lote siku ya kwanza hatairudia Linux.

Waifai inayoungana kisha kulegea kila baada ya dakika chache mara nyingi ni kadi inayolala kuokoa betri. Kwenye Ubuntu na Mint kuna faili la `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`. Ndani yake badilisha `wifi.powersave = 3` iwe `2`, kisha anzisha upya NetworkManager. Betri itakaa pungufu kidogo. Mimi naona inafaa.

Ukiwa na ruta ya nyumbani na simu, na hutaki laptopu ikimbilie simu wakati ruta ipo, ipe ruta kipaumbele kwa `nmcli connection modify "Nyumbani" connection.autoconnect-priority 10`. Ambao hujaugusa unabaki sifuri, na namba kubwa hutangulia.

La mwisho ni kwa wenye stationari na ofisi ndogo. Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai kwa betri huku ruta imezimika. NetworkManager hujaribu mara nne, halafu hupumzika kwa dakika kadhaa, na ndiyo maana umeme unarudi, ruta imewaka, mteja amesimama na flashi yake, lakini kompyuta imetulia tu. Iambie isichoke:

```
nmcli connection modify "Ofisi" connection.autoconnect-retries 0
```

Sifuri hapa maana yake ni kujaribu bila kikomo. Ukishaiweka, chomoa ruta ukutani, subiri dakika tano, irudishe, na uone laptopu ikiungana bila wewe kugusa kitu. Fanya jaribio hilo siku hiyo hiyo, kabla hujaikabidhi mashine kwa mwenyewe.